Ukungu wa Sebuleni

Watu wa nyumba ya Kapteni walikuwa wamekubaliana kwamba televisheni yao ina ukungu. Aliyeuona kwanza ni Kapteni mwenyewe, jioni moja wageni wakiwapo. Alisema picha imefifia, nyuso za watu hazishikiki. Mkewe alikuwa anapita na sinia la chai, akajibu bila hata kufikiri, "Kweli, hata mimi naona." Hakuona kitu. Picha ilikuwa safi kabisa, ungeweza kuhesabu vifungo vya shati la msoma habari. Lakini mama huyu hakuwa na tabia ya kumbishia mumewe mbele za watu, na wageni nao walikuwa wamekuja kula, si kubishana. Wakakodoa macho, wakatikisa vichwa, wakasema ndiyo, kuna kaukungu.

Kuanzia hapo ukungu ukapata makao. Binti yao alipokuja kusalimia aliambiwa kuhusu ukungu, akauona. Mume wa binti, karani wa benki, kijana mwenye adabu zake, akaona ukungu na akatia chumvi juu yake: alisema una rangi ya kijani. Akaitwa fundi, akaifungua tivii, akapuliza vumbi, akaifunga, akachukua chake na kwenda zake. Kapteni akatazama, akasema sasa afadhali. Haikupita wiki, afadhali ikaisha. Ikasemekana ni mwanga wa dirishani. Basi mama, ambaye kazi yake ilikuwa kushona mapazia na cherehani yake ilikuwa hapo hapo barazani, akashona mapazia mazito, kisha akayatia bitana nyeusi, mpaka sebule ikawa giza mchana kutwa na wageni wakawa wanajigonga miguu kwenye meza. Wakijigonga wanasema samahani, kana kwamba wao ndio wenye makosa. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Ungekuwa ukungu wa sebuleni peke yake, mama angeushonea mapazia mpaka uzee umkute. Lakini Kapteni hakuwa kapteni wa meli wala wa timu. Alikuwa dereva wa basi la shule. Jina hilo alipewa na watoto, na alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kila asubuhi alipita mitaani kukusanya watoto wa watu na mabegi yao, na kila mchana akawarudisha, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukwaruza hata bati la basi. Hilo alilisema harusini, alilisema msibani, alilisema hata kwa watu ambao hawakumuuliza.

Mwaka huu alikwaruza. Aligonga nguzo ya geti la shule akiingia, akashuka, akaitazama nguzo kwa hasira, akasema aliyeijenga hakuwa fundi bali mharibifu wa saruji. Nyumbani alimimina chai pembeni ya kikombe akalaumu birika. Alimsalimia mwanamke wa nyumba ya pili kwa jina la kaka wa mwanamke huyo. Mama aliyaona yote haya. Alimwambia mara moja tu, kwa sauti ya chini, wakiwa wawili chumbani: "Baba watoto, si tungepita kwa daktari wa macho tu, tuangalie?" Kapteni alinuna. Si kununa kwa siku moja, alinuna kununa kwa mtu aliyetukanwa, chakula alikula kimya, salamu aliitikia kwa koo, na siku aliyofungua mdomo alisema, "Mnataka nikae ndani kama kiti kilichovunjika mguu." Mama akameza maneno yake. Hakuyarudia.

Aliyemtia hofu hasa ni matroni wa basi, yule mwanamke anayekaa mlangoni kuwapandisha watoto na kuwashusha. Alikuja kuagiza mapazia, akaanza stori za kazini, akacheka. "Mama, mumeo mimi ndiyo kioo chake cha pembeni. Nikimwambia 'mzee, mtoto,' anafunga breki. Nikimwambia 'mzee, kweupe,' anaondoka. Tumezoeana, hata haulizi." Mama aliuliza kama amewahi kumwambia mtu. Matroni akaacha kucheka. Akasema Kapteni ndiye aliyemtafutia kazi ile alipokuwa hana mbele wala nyuma, atamsemaje vibaya? Kisha akashika tumbo lake, ambalo lilikuwa limeshafika mbali, akasema Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho, anakwenda kujifungua. Anayeshika nafasi yake ni binti mdogo, mzuri tu, ila muda wote ana visikilizio masikioni.

Ijumaa ikapita. Sasa ilikuwa Jumamosi, na Jumatatu Kapteni angetoka na basi lile bila mtu wa kumwambia mtoto yuko wapi.

Ndiyo maana mama alikubali tivii mpya. Binti na mume wake walikuwa wameshaahidi kuongezea, Kapteni alikuwa ameshachoka na ukungu, na mama akapata wazo. Dukani kuna ukuta mzima wa tivii, mpya, zinawaka zote. Kapteni akiona ukungu kwenye ile, akauona na kwenye hii, akauona kwenye zote, si atajua mwenyewe? Na kama hakujua, muuzaji atamwambia. Muuzaji si mtoto wake, si mkwe wake, si mkewe, atanuniwa na nani? Mama alilipanga hivyo, akafunga kitambaa chake vizuri, na njia nzima alikuwa anaomba kimoyomoyo duka liseme alichoshindwa kusema yeye.

Duka lilikuwa la ghorofa moja, lenye vioo vya mbele na kiyoyozi kilichovuma kwa nguvu. Ukuta wa ndani ulikuwa wote picha: samaki wa rangi, maua yanayofunguka, milima yenye theluji, mkono wa mwanamke unakata embe vipande. Muuzaji alikuwa kijana mwembamba mwenye tai iliyomkaba na ulimi usio na breki.

"Shikamooni wazee wangu. Karibuni sana, mmefika. Leo mmekuja siku nzuri, kuna punguzo."

"Marahaba," alisema Kapteni. "Kijana, mimi sitaki maneno mengi. Nataka picha. Nyumbani tumeteseka na ukungu mpaka basi."

"Ukungu umekwisha, mzee. Anza na hii hapa, watu wengi wanaanzia hapa, bei yake haiumi."

Kapteni akasogea. Akasimama mikono nyuma, kichwa amekiinamisha kidogo upande kama anavyofanya siku hizi. Kwenye kioo samaki alikuwa anapita, na mama aliweza kuona magamba yake moja moja.

"Hii nayo ina ukungu," alisema Kapteni.

Haya, mama alijisemea, sasa kijana atasema. Akamtazama yule muuzaji kwa macho yote, akimsihi. Na kijana akapiga makofi!

"Mzee, wewe una jicho! Ni kweli, hizi za bei nafuu zina kaukungu fulani. Wateja wengi hata hawakaoni. Wewe umekaona hapo hapo."

Kapteni akavimba kwa furaha. "Nimewaambia hawa," alisema.

"Kweli baba," alisema binti.

"Ukungu upo," alisema mkwe. "Wa kijani kidogo."

Yule muuzaji naye alikuwa ameambukizwa, na hata chai yao hajanywa. Wakasogea kwenye tivii ya pili, pana zaidi, yenye bei iliyopanda ngazi. Kapteni akatazama, akatikisa kichwa. Muuzaji akasema ni kweli, hii weusi wake haujakolea, mzee anajua mambo. Wakaenda ya tatu. Kila Kapteni alipoona ukungu muuzaji alimpongeza, na kila alipompongeza walisogea kwenye bei ya juu zaidi, huku mkwe akigusa mfuko wake wa suruali taratibu kama mtu anayepapasa jipu.

"Lakini baba, picha siyo kila kitu," alisema mkwe, sauti imebadilika. "Kuna na mambo ya ndani. Programu. Tivii za siku hizi zina akili."

"Umesema kweli, kaka," alidakia muuzaji. "Ile ya kwanza mfumo wake mzito, unabonyeza leo inafunguka kesho. Hii hapa nyepesi. Inaingia kwenye intaneti, unaongea nayo, inajiongezea mambo mapya yenyewe bila fundi. Na lugha zote zimo. Mzee, shika rimoti uone. Chagua Kiswahili hapo."

Kapteni akashika rimoti. Kwenye kioo yalitokea majina ya lugha, moja chini ya jingine, kila herufi nene kama kiganja. Binti akatazama dari. Mama alitaka kusema "ya tatu kutoka juu", mdomo ukafunguka, akaubana kwa nguvu. Asimsaidie. Alikuwa amemsaidia mwaka mzima. Kapteni alibonyeza, akabonyeza tena, na tivii ikaanza kuwakaribisha kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia. Wateja wawili watatu wakageuka wakacheka.

"Maandishi gani haya!" alifoka Kapteni. "Mmeyaandika kwa ajili ya sisimizi?"

"Ni madogo kweli, mzee," alisema muuzaji, uso mkavu. "Haya yanaweza kukuzwa. Ila kama shida yako ni picha, acha tusipotezeane muda. Njoo nikuonyeshe mama yao."

Mama yao ilikuwa imewekwa peke yake mwisho wa ukuta, kwenye jukwaa dogo lenye zulia. Ilikuwa kubwa kama mlango uliolazwa. Binti alipoinama kusoma kibandiko cha bei hakusema kitu, alimshika tu mumewe mkono. Na picha yake, jamani, ilikuwa picha. Ilionyesha mtaa wa mji fulani asubuhi, mvua imetoka kukatika, lami inang'aa, maduka yanafunguliwa. Kapteni alisimama mbele yake kwa muda. Mabega yake yalishuka. Uso wake ukalainika, na mama, aliyemjua mtu huyu tangu akiwa utingo wa lori, aliona kwamba mumewe ameamua kuipenda tivii hii hata iweje, kwa sababu baada ya hii hakuna nyingine.

"Hapa sasa," alisema Kapteni. "Hii haina ukungu. Mnaona? Barabara imenyooka, nyeupe, haina hata mtu. Barabara kama hii unaendesha umefumba macho."

Katikati ya barabara ile palikuwa na mtoto. Mtoto wa kike mwenye koti la mvua na begi mgongoni, anavuka polepole, anaruka madimbwi, na kioo kilikuwa kikubwa kiasi kwamba alikaribia kimo cha mtoto wa kweli.

Muuzaji alimwona. Binti alimwona. Mkwe alimwona, na kwa mara ya kwanza tangu aoe hakuwa na la kuongeza. Wao watatu na mama walimtazama mtoto anamaliza kuvuka, na Kapteni akawa anatabasamu kwa barabara yake tupu.

Mama hakupanga kusema. Kama angepanga, angepanga tena mpaka Jumatatu ikapita.

"Baba watoto, kuna mtoto hapo."

"Wapi?"

"Hapo. Barabarani. Amepita mbele yako mzima mzima, ana begi mgongoni."

Kapteni akasogea, akasogea tena, pua ikakaribia kugusa kioo. Picha ilikuwa imeanza upya, na mtoto akashuka tena kutoka ukingoni, akaanza kuruka madimbwi yake. Kapteni alitazama huku na huku. Kisha akageuka.

"Mwanangu," alimwambia binti. "Yupo?"

Binti aliitazama sakafu. Machozi yalikuwa yameshamjaa.

"Mkwe. Wewe ni mtu wa benki, huwezi kuniongopea. Kuna mtoto hapa?"

"Yupo, baba."

"Na kule nyumbani kwangu, ukungu upo?"

Mkwe alijikuna shingo. Tai ya muuzaji ilionekana kumkaba yeye. "Baba, mimi nilikuta watu wa nyumbani wanasema upo," alisema. "Mimi ni mgeni tu. Nikasema upo."

Muuzaji akaanza kueleza kwamba kuna namna ya kuongeza mwanga, Kapteni akamwinulia mkono, naye akanyamaza, jambo ambalo nadhani halikuwahi kumtokea tangu aajiriwe. Mama alingoja mumewe afoke. Aliuandaa moyo wake kwa kufokewa, hata alikuwa anakutamani, maana kufokewa kunakwisha. Kapteni hakufoka. Alimtazama, au alitazama mahali ambapo sauti yake ilikuwa imetokea.

"Picha ya nyumbani ni safi?"

"Ni safi."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ile ya wageni nilijua picha ni safi. Ya macho... nilianza kuyajua baadaye. Chai, majirani, lile geti."

"Geti," alirudia Kapteni. "Halafu kila asubuhi unanifungulia mlango. Unanipa chupa ya chai. Unasema safari njema."

"Nilikwambia twende kwa daktari."

"Mara moja."

"Ulinuna, baba watoto. Wewe ukinuna nyumba nzima inaganda. Nilishindwa."

"Nilinuna!" Sasa sauti ilipanda, wateja wakageuka wote. "Watoto wa watu wamejaa kwenye basi, nimewabeba mimi, na wewe unaogopa nisije nikanuna?"

Mama alitafuta jibu, Mungu ni shahidi, alilitafuta kila mahali. Angeweza kusema kwamba Kapteni mwenyewe naye alijua, kwamba mtu hagongi nguzo ya geti akakosa kujua, kwamba alimtumia matroni kama fimbo na hakutaka kuuliza kwa nini anahitaji fimbo. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini swali la mumewe nalo lilikuwa la kweli, na lilikuwa limemfika peke yake. Aliwaona watoto wale mmoja mmoja, wale mapacha wa mtaa wa juu, yule mvivu anayepanda bado anatafuna mkate, na akaona aibu kiasi kwamba alitamani zulia lile dogo limfunike.

"Nipe simu," Kapteni alimwambia binti yake. "Nitafutie mwalimu mkuu. Piga, halafu unipe."

"Baba, leo Jumamosi."

"Piga."

Binti akapiga. Kapteni akaweka simu sikioni, akajikohoza, akasimama wima kama anavyosimama siku za mikutano ya wazazi.

"Mwalimu, habari za mapumziko. Kapteni hapa. Mwalimu, Jumatatu tafuta dereva mwingine." Akasikiliza. "Hapana, siumwi. Basi ni zima, halina shida." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu. Mama aliona mkono wake wa pili unatafuta pa kushika, ukapata ukingo wa jukwaa. "Hapana, mwalimu, si likizo. Ni moja kwa moja. Sababu?" Akavuta pumzi. "Sababu atakueleza mke wangu. Yeye ndiye mwenye habari tangu mwanzo."

Akanyoosha simu. Aliinyoosha pembeni, hatua nzima kutoka alipokuwa mkewe, kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu. Binti alitaka kuipokea. Mama akamzuia kwa mkono, akasogea yeye mpaka mbele ya ile simu, akaipokea. Vidole vyao viligusana na Kapteni hakuvikimbiza vyake, wala hakushika.

"Hallo?" ilisema sauti ya mwalimu mkuu. "Mama, upo? Kuna nini?"

Alisema yupo. Kisha akaanza, mbele ya binti yake na mkwewe na kijana wa duka, na mumewe amesimama hapo hapo akisikiliza kila neno: kwamba Kapteni haoni vizuri, kwamba matroni ndiye aliyekuwa akimwonyesha njia, kwamba geti halikuwa kosa la fundi. Halafu mwalimu mkuu akauliza, polepole, kama mtu ambaye hataki kusikia jibu, ni nani mwingine aliyejua.

"Mimi," alisema mama.

"Tangu lini, mama?"

Naye akamwambia.